Vitu Vilivyotoka Gerezani

Twataka kunena habari za vitu vilivyotengenezwa na watu waliofungwa, kisha vikatoka nje ya kuta, vikatazamwa na kununuliwa na watu walio huru. Jambo hili si geni kwetu. Aendaye Dar es Salaam wakati wa maonyesho ya Sabasaba huona vitanda, meza na makabati ya Magereza, na watu wa Moshi wanavijua viatu vya gereza la Karanga. Mtu hukishika kitanda, hukitikisa aone kama kimeungwa imara, huuliza bei, hulipa, huenda zake. Ni mara chache kuuliza ni nani aliyezipiga randa mbao zile, na kama alipata cho chote kwa kazi yake. Sisi twapenda kuliuliza swali hilo, na ili tulijibu vema itatupasa kwenda mbali, mpaka Uingereza, miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Maana huko mambo haya yaliandikwa vizuri, na vitu vyenyewe vingaliko hata leo.

Mwaka 1793 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani, na vita hivyo, pamoja na vile vya Bonaparte vilivyofuata, viliendelea hata mwaka 1814, isipokuwa mapumziko mafupi yaliyoanza mwaka 1802 yakavunjika mwaka 1803. Waingereza walikuwa na nguvu nyingi baharini. Waliteka merikebu nyingi, na kila merikebu ilikuwa na watu ndani yake. Basi watu hao wawekwe wapi? Wengine walitiwa katika manowari kuukuu zilizong'olewa milingoti, zikatiwa nanga bandarini ziwe magereza. Wengine walitiwa ngomeni. Walipozidi kuwa wengi Serikali ikaazimu kuwajengea gereza lao, mahali paitwapo Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough, kando ya barabara kuu itokayo London kwenda kaskazini. Likajengwa kwa mbao, tena kwa haraka, na mwaka 1797 mateka wa kwanza wakaingia.

Gereza hilo lilikuwa kama mji mzima. Pengine walikuwamo watu zaidi ya 5,000 kwa wakati mmoja, wengi wao Wafaransa, na Waholanzi pia. Palikuwa na nyua nne, kila ua na majumba yake, na katikati palikuwa na nyumba ya mizinga ambayo vinywa vyake vilielekea nyuani. Walipewa mkate na nyama ya ng'ombe siku nyingi za juma, na samaki siku nyingine. Wakalala katika machela yaliyotungikwa safu juu ya safu. Mwaka 1800 iliingia homa ya taifasi, ambayo huenezwa na chawa, na kabla haijaisha mwaka uliofuata ilikuwa imeua watu zaidi ya 1,000. Katika muda wote wa gereza lile walikufa watu kama 1,770, wakazikwa katika shamba lililo karibu.

Tena sharti tukumbuke jambo moja. Mateka hawa hawakuwa wahalifu. Hawakusimama mbele ya hakimu, wala hawakuhukumiwa kifungo cha miaka kadha wa kadha. Mwizi aliyepewa miaka mitatu huihesabu. Kila machweo siku moja imepungua. Mateka wa vita hana cha kuhesabu. Vita vitakwisha lini? Hakuna ajuaye. Waliotekwa vita vilipoanza tena mwaka 1803 walikaa, wale waliosalia hai, hata miaka 11. Wala hawakulazimishwa kufanya kazi. Walioamka asubuhi na chakula chao kikaletwa walikuwa wamemaliza shughuli zao zote za siku hiyo. Asiyejua atadhani hiyo ni raha. Sisi tufundishao vijana twajua darasa lisilopewa kazi huwa namna gani baada ya robo saa. Je, iwapo robo saa hiyo ni miaka 11?

Wengine wao waliangamia kwa uvivu huo. Walicheza kamari usiku na mchana. Mtu alianza kwa kuweka senti zake, akaweka blanketi, akaweka nguo za mwilini, kisha akauza chakula cha siku zinazokuja ili apate cha kuchezea leo. Wenzao wenyewe waliwaita kwa Kifaransa watu wa taabu, nao walionekana wakitembea nusu uchi wakati wa baridi, wakiokota maganda chini. Wengi katika hao ndio waliokwenda upesi homa ilipokuja.

Lakini walikuwako na wengine. Jeshi la Ufaransa liliandika watu wa kila kazi, kwa hiyo humo gerezani walikuwamo maseremala, wahunzi, wafua fedha, wachora picha. Inasemekana baadhi yao walitoka Dieppe, mji wa pwani ya Ufaransa uliosifika tangu zamani kwa kuchonga pembe za ndovu, pembe zilizotoka katika bara letu la Afrika. Watu hao walitazama huku na huku: mbao hakuna, pembe hakuna, fedha hakuna. Wakatazama jikoni, wakaona mifupa.

Nyama ya watu 5,000 huacha mifupa mingi. Waliitwaa, wakaichemsha ili mafuta yatoke, wakaikwangua, wakaianika hata ikawa myeupe. Wakaikata vibao vyembamba, kwa visu walivyovinoa wenyewe na misumeno midogo waliyoitengeneza wenyewe. Wakachonga karata na kete, seti za sataranji, vijaluba vya dhumna, visanduku vya kuwekea saa usiku. Wakachonga mwanamke ameketi na gurudumu la kusokotea nyuzi, na mtu akizungusha kigingi kidogo, gurudumu likazunguka na mkono wa mwanamke ukaenda juu na chini. Watoto walikipenda sana kitu hicho. Wengine walichonga hata ile mashine ya kukatia vichwa iliyotumika Ufaransa wakati wa mapinduzi, pamoja na askari wadogo waliosimama kuizunguka. Ajabu ni kwamba hiyo nayo ilinunuliwa sana.

Kilichowapita vyote ni merikebu. Hao walikuwa mabaharia, na baharia hata akifungwa nchi kavu huijua merikebu yake kwa macho yaliyofumbwa. Walichonga kiini cha ubao, wakakivika vibao vya mfupa kimoja kimoja, wakavikaza kwa misumari myembamba kama sindano. Wakasimamisha milingoti mitatu na foromali zake. Kamba zote walizisuka kwa nyuzi nyembamba, na pengine kwa nywele za watu. Mizinga midogo ya shaba ilichungulia ubavuni safu kwa safu, na katika baadhi ya merikebu hizo mkivuta uzi uliofichwa nyuma, mizinga yote hurudi ndani pamoja, kisha mkiulegeza hutoka tena. Mtu mmoja hakuweza kuimaliza kazi hiyo peke yake, wala kwa mwezi. Mmoja alichonga, mwingine akasuka kamba, mwingine akafua shaba. Na kwa kuwa wanunuzi walikuwa Waingereza, mara nyingi merikebu iliyotengenezwa na Wafaransa iliandikwa tezini jina la manowari ya Kiingereza. Fundi ajuaye soko ndivyo afanyavyo, hata kama moyo wake unamchoma.

Tena palikuwa na kazi ya mabua ya ngano. Waliyapasua mabua, wakayalainisha kwa maji, wakayakunjua yakawa utepe, wakayatia rangi, kisha wakayabandika kwa gundi juu ya kisanduku cha mbao, kipande kwa kipande, hata ikatokea picha ya maua, au ya nyumba, au ya uso wa kanisa kuu la Peterborough ambalo mnara wake haukuwa mbali. Ninyi mlioona kasha la zamani la Lamu au Unguja lililopambwa kwa njumu mtafahamu mara moja. Ni kazi ya namna ile ile, isipokuwa mahali pa fedha na shaba palitiwa majani makavu ambayo ng'ombe hulalia.

Sasa vitu hivyo vilitokaje nje? Mateka waliruhusiwa kufanya soko langoni mwa nyua zao. Waliochaguliwa walikwenda langoni na vitu vya wenzao, na watu wa vijijini wakaja na viazi, siagi, mayai na tumbaku. Kisha wakaja na watu wa mjini, mabwana na mabibi kwa magari ya farasi, kutazama na kununua. Hebu fikirini neno hili. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba Mfaransa ni adui mwenye kiu ya damu anasimama mbele ya mlango, na yule adui anamwonyesha mtoto wake jinsi ya kuzungusha gurudumu la yule mwanamke wa mfupa. Mtoto anacheka. Baba anatoa shilingi. Hatusemi vita vilikwisha kwa sababu ya shilingi hiyo, wala haikuwa hivyo. Twasema tu kwamba alirudi nyumbani akijua jambo asilolijua asubuhi.

Fedha iliyopatikana ilikuwa ya fundi mwenyewe. Akanunua chakula zaidi, au viatu, au vifaa vya kazi nyingine. Hapa twaona tofauti kati ya gereza lile na magereza mengi yaliyofuata baadaye, ambamo mfungwa hufanya kazi na faida yote huingia kwingine. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu vile vitu vilikuwa vizuri. Hakuna achongaye mizinga sabini ya ukubwa wa punje ya mpunga kwa kuwa ameamriwa na mnyapara.

Walakini si yote yaliyokuwa mema, nasi hatutaki kuwapa hadithi tamu tupu. Serikali ilikataza vitu fulani visitengenezwe kwa kuuzwa: glavu za sufu, viatu, kofia za mabua, na zaidi ya vyote ukili wa mabua. Ninyi kina mama wa pwani hamna haja ya kuelezwa ukili ni nini, wala jinsi mwanamke asukavyo huku akizungumza na huku akitazama chungu. Huko Uingereza wanawake na watoto wa vijiji vingi, hasa katika nchi ya Bedfordshire na jirani zake, walisuka ukili wa mabua ya ngano ukashonwa kofia. Wakati wa vita ukili wa ng'ambo haukufika vizuri, bei ikapanda, na maskini wengi wakaishi kwa kazi hiyo. Mateka nao wakajua kusuka, na wengi wakawa hodari kuliko wenyeji. Zaidi ya hayo, mateka hakulipa kodi ya nyumba, wala hakununua mkate; vyote alipewa. Basi aliweza kuuza kwa bei ambayo mjane mwenye watoto watatu asingeweza kuuza hata angekesha.

Hapo ndipo palipo na mgogoro, wasikilizaji. Mateka akisema, "Nina mikono, nina njaa, kwa nini nikatazwe?" ana haki. Mjane akisema, "Serikali inamlisha adui, naye adui ananinyang'anya tonge," naye ana haki. Serikali ilimsikiliza mjane. Ukili uliokamatwa ukachomwa moto. Lakini biashara haikukoma, maana askari walinzi wenyewe walikuwa maskini. Waliingiza mabua wakiyaficha ndani ya nguo zao, wakatoa ukili kwa njia hiyo hiyo, na wafanya biashara wa nje wakaungoja. Waliogunduliwa walipigwa viboko vikali.

Sisi twaonaje? Twaona Serikali ilikuwa na haki kumlinda mjane, lakini adhabu zake ziliwaangukia wadogo, na mfanya biashara aliyenunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu mara nyingi alilala usingizi wake. Na twaona jambo lingine. Merikebu za mifupa hazikumdhuru mtu. Hakuna mwanakijiji aliyekuwa akichonga merikebu za mifupa kabla ya hapo. Mateka alipotengeneza kitu kilichotoka katika ujuzi na taabu yake mwenyewe, hakuchukua nafasi ya mtu. Alipotengeneza kile kile alichotengeneza maskini wa nje, kwa bei ya chini, alimpokonya. Jambo hilo lingali likiwahusu wote wanaoendesha kazi za magereza, wawe Ulaya, wawe kwetu. Fundi seremala wa mtaani ajengaye kitanda kwa mbao alizozinunua naye hulitazama lile banda la Magereza kwa macho mawili.

Mwaka 1814 amani ikaja, mateka wakarudi kwao. Mwaka 1816 gereza likabomolewa na mbao zake zikauzwa. Leo pana shamba tu, na nguzo ya ukumbusho iliyosimamishwa mwaka 1914 kwa ajili ya waliokufa. Lakini katika jumba la makumbusho la Peterborough mamia ya vitu vile vimewekwa katika kabati za vioo, na nywele zilizosukwa ziwe kamba za merikebu zingali zimekaza.

Ni kweli kwamba mwenye kusikiliza aweza kutukatiza hapa na kusema, "Hao walikuwa watu wa heshima, askari waliotekwa. Hata Waitaliano waliotekwa katika vita vya pili walijenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara ya kuteremka bonde la ufa, nasi hulipita tukienda Naivasha. Lakini mwizi je? Muuaji je? Naye asifiwe kwa picha yake?"

Swali hilo ni zito, na aliyelikabili kwa vitendo alikuwa mtu aliyewahi kufungwa mwenyewe. Jina lake Arthur Koestler, mwandishi, aliyezaliwa Budapest mwaka 1905. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, alikamatwa, akakaa gerezani Seville akijua kwamba huenda akauawa, na usiku akisikia wenzake wakitolewa kwenda kupigwa risasi. Akaokoka kwa kubadilishwa na mfungwa mwingine. Baadaye akakaa Uingereza, na mwaka 1962 akaanzisha tuzo za kila mwaka kwa wafungwa wachorao, wachongao, watungao nyimbo na kuandika. Hawa si mateka wa vita. Ni watu waliohukumiwa na mahakama kwa makosa yao, na baadhi ya makosa hayo ni mabaya sana.

Kazi zao huonyeshwa kwa watu wote, na tangu mwaka 2008 maonyesho makubwa yamekuwa yakifanyika katika majumba ya sanaa yaliyo ukingoni mwa mto Thames, London. Kuna aliyechonga kwa sabuni, kwa kuwa sabuni hupewa kila mtu. Kuna aliyetumia njiti za kiberiti. Hapo twawakumbuka wale wa mifupa. Na kazi zilipouzwa, sehemu ya bei ilimwendea aliyeifanya, na sehemu nyingine ilitolewa kuwasaidia watu waliodhurika kwa uhalifu. Twalipenda neno hili la pili. Maana aliyeibiwa, au aliyeuliwa ndugu yake, hana budi kukumbukwa katika chumba kile, na mchoro mzuri hauwezi kumrudishia kitu. Kama mtu huyo hataki kuingia kutazama, asilaumiwe.

Ila wengi huingia. Hutembea polepole kutoka picha hadi picha, na mara nyingi jina la aliyechora halimo. Pana jina la gereza tu. Kisha wageni hukaribishwa kuandika maneno machache kwa aliyeifanya kazi iliyowagusa. Mtu huinama mezani, akafikiri, akaandika mistari miwili mitatu kwa mtu asiyemjua na ambaye pengine hatamwona kamwe. Karatasi hizo hukusanywa, nazo hupelekwa gerezani zikapokewe na yule aliyechora.